Matanga ya Dada Yangu Huku Tabora

Nilihamia Tabora nikiwa na miaka sitini na moja, mwaka mmoja baada ya kustaafu ukunga katika hospitali moja mjini Mombasa. Sikuuchagua mji huu, wala sikuujua. Nilimfuata mume. Yeye alikuwa Mnyamwezi wa huku, aliyekwenda Mombasa akiwa kijana kutafuta kazi bandarini, akawa fundi wa mitambo ya kupakulia mizigo, akanioa, tukakaa. Siku aliyostaafu alinambia neno moja tu, na alilisema huku anakata kucha, kana kwamba si jambo kubwa: "Mimi nataka nikazeekee kwetu." Mwenyezi Mungu hakutujaalia mtoto, kwa hiyo hapakuwa na wa kuulizwa isipokuwa mimi. Nikakubali.

Aliyekataa ni dada yangu. Huyo ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufa, nami nilikuwa na miaka minane na yeye kumi na tisa. Alifanya kazi ya kuunganisha simu katika ofisi moja kubwa pale mjini, zama zile za waya na vitundu, akaifanya mpaka mitambo mipya ilipokuja wakamwambia apumzike. Sauti yake ilikuwa ya kazi hiyo, ya taratibu na safi, isiyopanda wala kushuka. Nilipomwambia nahamia Tabora aliuliza kama huko kuna bahari. Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi utakauka."

Hatukugombana. Alinisindikiza mpaka kituo cha basi amebeba kikapu cha mahamri. Nilipofika Tabora, jioni ya kwanza baada ya sala ya alasiri, simu ikaita. Nikasikia ile sauti ya ofisini: "Hapa Mombasa. Nakuunganisha na Tabora, usikate laini." Tangu siku hiyo alinipigia kila siku, saa ileile, kwa maneno yaleyale.

Tulijenga nyumba Ipuli, vyumba viwili na sebule, na uwanja wa mchanga ambao mume wangu aliufagia mwenyewe asubuhi. Mwaka wa kwanza nilikuwa mwanafunzi. Nilidhani naja na Kiswahili changu na nimemaliza, kumbe nina Kiswahili cha watu wengine. Nikienda sokoni nikiulizia mbatata na tungule, wauzaji wananitazama mpaka nikumbuke kusema viazi na nyanya. Nikisema stima zimepotea, majirani wanacheka, maana huku umeme hukatika, haupotei. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, mjane anayekaa Mtendeni na kuuza asali na karanga, ndiye aliyenifundisha kula nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa. Alinifundisha pia kwamba mkubwa akipita unampigia goti kidogo hata kama mikono yako ina mizigo. Mwanzoni hakunipenda, na hakuficha. Alisema mbele yangu kwamba kaka yake alikwenda pwani mzima akarudi mzee, na aliyemla ujana wake ndiye huyu. Mume wangu alimjibu kwamba babu zao walikuwa wapagazi, walibeba pembe mpaka pwani na kurudi mikono mitupu. Yeye angalau amerudi na mtu.

Kuishi ugenini uzeeni kuna kazi zake ambazo kijana hazijui. Kila mwaka nilitakiwa kupeleka nyumbani fomu ya kuonyesha kwamba bado ni hai, ili pensheni isisimame, na fomu hiyo lazima isainiwe na wakili aliyeniona kwa macho yake. Mwaka wa kwanza wakili alinitazama, akatazama fomu, akaniambia kwa upole kwamba hajawahi kuthibitisha kitu rahisi hivi. Bima yangu ya matibabu haikuvuka mpaka. Laini ya simu iliandikishwa kwa pasipoti. Kibali changu cha kukaa nchini kilisimama juu ya ndoa yangu, na mume wangu ndiye aliyekuwa akikifuatilia, akivaa shati jeupe siku hizo. Nilimwachia yote. Nilikuwa nimechoka na makaratasi ya kazini, nikaona sasa ni zamu yake.

Alianguka mwaka wa nne, asubuhi, akiwa ameinama uwanjani anafunga mnyororo wa baiskeli. Nilijua ni kiharusi kabla sijamfikia, kwa jinsi mkono mmoja ulivyobaki umeshika spoki na mwingine umelegea. Aliishi siku tatu hospitalini. Siku ya pili alinitazama akasema jina langu, jina langu la utotoni ambalo dada yangu peke yake ndiye aliyelitumia, sijui aliliokota wapi. Tulimzika kwenye makaburi ya ukoo wao, nje kidogo ya mji, upande wa njia ya kwenda Kwihara.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ambayo vyumba vyake viwili vilikuwa vingi ghafla. Wifi yangu alikuja kulala kwangu siku arobaini za mwanzo. Hatukuzungumza sana. Aliamka alfajiri, akafagia uwanja kama kaka yake alivyofagia, kuanzia ukutani kuja mlangoni, kisha akaenda sokoni. Katika mwezi wa pili wa eda pasipoti yangu ilikwisha muda wake ndani ya sanduku, chini ya kanga, nami sikuikumbuka hata kidogo.

Nilipotoka eda nilikwenda kwenye ofisi ya vibali. Afisa niliyemkuta alikuwa mtu wa makamo, alisimama kunipokea, akaniamkia, akanipa pole. Alinieleza polepole kwamba kibali changu kilifuata cha mume, na sasa inabidi niombe kwa jina langu mwenyewe, kama mstaafu. Lakini hawezi kugonga muhuri kwenye pasipoti iliyokwisha. Pasipoti mpya ningeipata kwenye ubalozi wetu Dar es Salaam, na lazima niende mwenyewe kwa sababu ya alama za vidole. Akanipa barua ya miezi mitatu ili nisisumbuliwe, na nilipokuwa natoka akanambia, "Usichelewe, mama."

Nilichelewa. Nilijiambia ni magoti, kisha nikajiambia ni mvua. Ukweli ni kwamba nilijua ndani ya fomu ile kuna mahali pa kuandika anwani ya nyumbani, na sikujua niandike nini. Mombasa hatukuwa tena na nyumba, tuliiuza ili tujenge hii. Ya Ipuli ilikuwa nyumba ya mtu aliyelala njia ya Kwihara. Kila wiki nilitoa pasipoti sandukuni, nikaitazama, nikairudisha.

Jioni dada yangu alipiga. "Hapa Mombasa, nakuunganisha na Tabora." Baada ya kifo cha mume wangu alikuwa na swali moja, naja lini. Nilimjibu kwamba nitakuja mvua zikipungua. Sikumwambia kwamba pasipoti imekwisha, kwa sababu angeniuliza kwa nini siendi kuitengeneza, na ningelazimika kujibu. Yeye naye alinambia siku moja, katikati ya habari za bei ya nazi, kwamba kiatu kimemchubua kidole na kidonda kinachelewa kupona. Dada yangu alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka kumi na mbili. Mimi niliyesoma uuguzi, niliyewafunga watu vidonda na kuwaonya juu ya viatu vyao, nilimsikia akisema hivyo, nikamwambia apake dawa, nikauliza tena habari za nazi.

Wiki sita baadaye aliyepiga alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee, ambaye ananiita mama mdogo. Alizungumza kwa kunong'ona, nikajua yuko nje ya chumba. "Mama mdogo, mama amekatwa mguu. Juzi. Alitukataza tusikwambie, anasema una msiba wako." Nilikaa chini pale pale uwanjani. Nilipompigia dada yangu saa ile ile, alipokea kwa sauti yake ya ofisini, kisha akasikia pumzi yangu, akasema, "Amekwambia." Nikasema ndiyo. Akasema, "Ni chini ya goti. Goti wameniachia."

Kesho yake nilipanda basi la alfajiri kwenda Dodoma, na kutoka Dodoma treni ya umeme mpaka Dar es Salaam. Mume wangu alikuwa akisema kwamba babu zake walitembea njia hiyo miezi mitatu. Mimi niliimaliza kabla ya usiku kuingia, na bado niliona kama nimechelewa mwaka mzima.

Pale ubalozini alikuwapo binti mmoja, mwenzetu wa kule, aliyekuwa akichukua alama za vidole. Niliweka kidole gumba kwenye kioo, mtambo ukakataa. Nikaweka cha pili, ukakataa. Alinishika mkono akaugeuza, akautazama kwenye mwanga wa dirisha. "Mama, vidole vyako vimekwisha," alisema. "Ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikamwambia nilikuwa mkunga. Aliniambia huwa anawaona hivyo wafua nguo na wajenzi, mkunga ni mara ya kwanza. Kwa miaka thelathini na tatu nilisugua mikono hiyo kwa sabuni na dawa kabla na baada ya kila mtoto, na sikujua kwamba nilikuwa najifuta. Alileta mafuta ya kupaka, akanikanda kidole kimoja kimoja kama mtu anayemkanda mama yake, tukarudia. Mara ya sita mtambo ukakubali.

Kisha nikamweleza kuhusu dada. Alisikiliza, akasema kuna njia mbili. Anaweza kunitengenezea hati ya dharura baada ya siku mbili, ya kunifikisha nyumbani tu. Lakini nikishavuka nayo nitabaki huko mpaka pasipoti itoke, na kibali cha Tabora kitakuwa hakina wa kukiomba. Au nisubiri pasipoti, wiki chache, niende na kurudi kama mtu anayetembea. Hakunishauri. Alisema ni uamuzi wangu, akatoka kidogo ili nifikiri.

Nilikwenda kukaa kwenye benchi la nje, nikampigia dada yangu.

"Nitachukua hati ya dharura," nilimwambia. "Keshokutwa niko njiani."

"Halafu utarudije Tabora?"

"Sirudi upesi. Nitakaa na wewe."

"Na nyumba?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Nisikilize, mdogo wangu," alisema. "Daktari amesema naendelea vizuri. Jana nimekula. Usije na kikaratasi kama mtu aliyefukuzwa mahali. Ngoja pasipoti yako, uje kwa nafasi, ufunge Ramadhani hapa nami. Mguu haupo tena, hauendi popote."

Alicheka kwa mzaha wake huo, nami nikacheka. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Nilikubali, na mpaka leo linaloniuma si kwamba alinishawishi, ni wepesi wangu wa kushawishika. Niliogopa kupoteza nyumba ya Ipuli na kaburi lililo karibu nayo. Nilimwacha anipe ruhusa niliyokuwa naitaka. Nikarudi Tabora kungoja.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, nilikuwa napeta mchele. Simu ikaita saa ambayo si ya dada yangu. Mpwa wangu alisema sentensi moja, akakata. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri, na watamzika baada ya adhuhuri, kama ilivyo kawaida yetu.

Zamani sana, tulipomwosha mama yetu mkubwa, mimi na dada tulikuwa tumeahidiana kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. Tulikuwa tumelowa, tumechoka, na tulisema hivyo kama watu wanavyosema tutaonana. Lakini nilikuwa nimewaosha wengi maishani, watoto wakiingia na wazee wakitoka, na kila mara nilijua kwamba ahadi ya dada yangu inanisubiri. Mpwa wangu alikuwa hajawahi kuosha maiti. Walikuwapo wanawake wawili wajuzi wa msikitini, nao ndio walioongoza kazi, lakini wakasema binti akitaka ashike maji. Akanipigia tena kuniuliza afanye nini.

"Shika maji," nilimwambia. "Na weka simu hapo juu, usiikate."

Akaiweka, nadhani kwenye rafu ya dirisha. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, Ipuli, ungo wa mchele mbele yangu, na nikasikia maji yakimiminwa Mombasa. Nikawaambia yasiwe ya baridi, dada yangu hakupenda baridi. Mmoja wa wale wanawake akajibu, "Ni vuguvugu, dada." Nikawaambia wafungue nywele taratibu, upande wa kushoto ana kovu. Walipofika miguuni nikasikia maji yamekoma. Nikamwambia mpwa wangu, "Usiogope. Osha palipobaki kama unavyoosha pengine." Maji yakaendelea. Nilisikia kitambaa kinakunjuliwa, nikasikia mwanamke anaomba karafuu maiti, kisha laini ikakatika, sijui chaji iliisha au salio, na sikuthubutu kupiga tena.

Niliendelea kupeta mchele. Niliupeta wote, nikauosha, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sina mtu wa kumpikia. Nikamtumia wifi yangu ujumbe, maneno matano tu: dada yangu wa Mombasa amefariki. Nilidhani atanipigia kunipa pole jioni akimaliza biashara.

Alikuja mchana huohuo kwa bajaji, na ndani ya bajaji kulikuwa na mikeka mitatu, sufuria kubwa ya ukoo, na meza yake ya asali imefungwa juu maana hakutaka kuiacha sokoni. Hakunikumbatia. Aliingia, akatoa viti vya sebuleni nje, akatandika mikeka. Nikamuuliza anafanya nini.

"Naweka msiba," alisema.

"Wifi, maiti hayuko hapa. Wamemzika sasa hivi. Hamkumjua, hata picha yake hamjaiona."

"Wewe tunakujua," alijibu, akaniambia nikavae kanga nyeusi kama ninayo.

Basi wakaja. Mtu wa kwanza alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mkatoliki, mama wa watu anayefuga kuku. Alileta kuni na unga wa muhogo, akakaa karibu nami mpaka alipoona chai imechemka. Wakaja wanawake wa jumuiya yake, waliokuwa na mazoezi ya kwaya, wakayaacha. Wakaja wake wa wajomba wa mume wangu kutoka vijijini, wanaozungumza Kinyamwezi na mimi nikiwaelewa nusu. Wanaume walikaa nje chini ya turubai aliloliazima mtu fulani. Imamu wa mtaa alikuja akasoma. Siku tatu nyumba yangu ilijaa watu waliokuja kumlilia mwanamke ambaye hakuna hata mmoja aliyejua sura yake.

Siku ya pili akaingia bibi mmoja, Mzaramo aliyeolewa huku tangu ujana wake. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani, yeye alikuwa amekwisha kuniweka katika kikundi chake. Alijilaza mlangoni pa jikoni, akawazuia wapishi wasipite. Akadai aonyeshwe maiti. Akasema Wanyamwezi wamezidi, wameita watu kwenye msiba usio na mfu, na yeye haamini mpaka aelezwe marehemu alikuwa nani, alikula nini, alikuwa na kelele au hana. Wanawake wakacheka, wakanigeukia. Ndipo nikaona kwamba mzaha ule ulikuwa mlango, na wote walikuwa wanangoja niupite.

Nikawasimulia. Niliwaambia habari za waya na vitundu, jinsi dada yangu alivyojua siri za mji mzima na hakumwambia mtu hata moja. Niliwaambia alivyonipeleka chuo cha uuguzi amevaa suti ya kuazima, akamdanganya mkuu wa chuo kwamba yeye ni mama yangu, ana miaka arobaini. Niliwaambia hakuolewa mpaka nilipomaliza masomo. Nilipofika kwenye kiatu kilichomchubua kidole, nikashindwa. Wifi yangu akanishika goti. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni ule mguu niliomwambia ulikatwa. Nikasema ndiyo. Nikawaambia wote, mbele ya watu, kwamba nilisikia habari za kidonda nikauliza bei ya nazi. Hakuna aliyeniambia si kosa langu. Yule jirani mfuga kuku alisema tu kwamba na yeye hakumpeleka mumewe hospitali mapema, kisha akaongeza kuni.

Pasipoti ilitoka siku ya thelathini na moja baada ya maziko. Nilikwenda kuichukua, nikapanda basi la Mombasa. Mpwa wangu alinipokea vizuri. Chumba cha mama yake alikuwa amewapa wanawe, na alikuwa na haki, nyumba ni ndogo. Nguo zilikuwa zimegawanywa. Alikuwa ameniwekea leso moja na miwani. Nilikwenda makaburini, mchanga ulikuwa umekwisha kuzama, wakaniambia inabidi kuongezwa. Nikakaa pale mpaka jua likawa kali.

Nilifunga Ramadhani yote Mombasa, kama tulivyoahidiana. Mpwa wangu alinisihi nisirudi, akasema atapanga, watoto watalala sebuleni. Siku moja nilikwenda sokoni nikaulizia viazi na nyanya, na muuzaji, kijana wa mtaa nilikozaliwa, akaniuliza kwa heshima, "Mama umetoka Tanzania?" Nikamjibu ndiyo. Jioni nilimwambia mpwa wangu kwamba nimekubali. Nitarudi Tabora wiki mbili tu, nifunge mizigo, nimwachie wifi nyumba, nije kukaa. Tukalia kidogo, tukapanga kitanda kitakaa upande gani.

Nilifika Tabora mchana, mawingu yameshuka. Wifi yangu alikuwa amehamia kwangu muda wote huo ili nyumba isilale tupu. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, aliniona nilipokuwa karibu kabisa, akapiga goti kidogo kwa mazoea kabla hajanitambua, kisha akaona ni mimi akajicheka. Alinivuta moja kwa moja mpaka nyuma ya nyumba. Uwanja mzima wa nyuma, ambao mume wangu aliuacha wazi kwa ajili ya banda alilolipanga na hakulijenga, ulikuwa umepigwa matuta, na juu ya matuta mashina ya viazi vitamu yamekwisha kushika. Alisema aliona ardhi inakaa bure. Alisema vitakuwa tayari baada ya miezi minne, tutavikata tuanike michembe, na kwamba yeye peke yake hataweza kuvichimba, macho haya, ila tukiwa wawili tutaweza.

Sikumwambia nilichokuja kufanya. Nilimwambia matuta ni mazuri. Usiku ule sikufungua begi, na asubuhi yake nilikwenda kwa yule afisa na pasipoti mpya, nikajaza ombi kwa jina langu. Mahali pa anwani ya nyumbani niliandika Ipuli.

Nilipompigia mpwa wangu kumwambia kwamba nabaki, hakukasirika, au hakunionyesha. Hunipigia Ijumaa. Nilipewa kibali cha miaka miwili, na cha pili nimekiomba mwezi uliopita. Viazi tulivichimba. Macho ya wifi yangu yamezidi, daktari amesema jicho la kulia haliwezi kusaidiwa tena, na sasa mimi ndiye ninayempimia asali sokoni Jumamosi, yeye amekaa nyuma yangu akiniambia bei. Wanunuzi wananisikia lafudhi, wananiuliza mimi ni mtu wa wapi. Wifi yangu huwajibu kabla yangu, kwa Kinyamwezi, neno ambalo sijalielewa vizuri na sijamuuliza.